Begi la Marehemu

Naambiwa kuna wasomaji walionitukana wiki nzima kwa sababu nilikatiza hadithi pale nilipoikatiza. Tukaneni tu. Ukurasa wa gazeti ukijaa umejaa, hata kama mtu ameshika roho mkononi.

Na ndivyo tulivyomwacha yule mwanamke anayeitwa Sindano. Alikuwa amekaa kibarazani kwenye nyumba ya wageni, uzi mdomoni, begi la rafiki yake Miwani limepinduliwa mapajani. Mkanda wa bega ulikatika asubuhi gatini, na Miwani akaomba ashonewe. Sindano ni fundi cherehani, kwa hiyo akapindua begi atafute pa kuanzia.

Akaona mshono wake mwenyewe.

Uzi wenye nta, umepita mara mbili, fundo limezikwa ndani ya upindo mahali ambapo hakuna mteja atakayelitafuta. Mara ya mwisho aliuweka mshono huo kwenye begi la mumewe, siku ile anaondoka kwenda visiwani kufunga pampu za maji. Mume huyo alipiga simu, akapunguza kupiga, kisha akawa kimya kabisa.

Kwa ajili yake Sindano amefunga duka, amejitwika begi mgongoni, na sasa anatoka kisiwa hiki anakwenda kile akionyesha watu picha. Wenye boti huwaita wasafiri wa namna hiyo kobe, maana wanatembea na nyumba mgongoni. Sindano amekuwa kobe akiwa mtu mzima, analala kwenye mabweni ya vitanda vya ghorofa na watu asiowajua. Na hakuja peke yake. Amekuja na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke ambaye hawajawahi kuelewana hata juu ya kiasi cha chumvi.

Miwani walimpata njiani, kwenye boti, anasafiri kama wao. Haya, twendeni.

"Miwani," alisema Sindano, "hili begi umelitoa wapi?"

Miwani alikuwa anaanika soksi. "Si begi langu hilo, dada."

"Sikuuliza ni la nani. Nimeuliza umelitoa wapi."

"Mbona unanihoji kama polisi?"

"Kwa sababu unajibu kama mwizi."

Soksi zikaanguka chini. Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena, kana kwamba huenda lile neno lilitoka kwa mtu mwingine.

"Rudia," alisema.

"Mwizi. Au mbaya zaidi ya mwizi."

"Mimi? Tumelala chandarua kimoja! Ulipoteguka mguu nani alikubebea mzigo?"

"Na ulipotapika kwenye boti nani alikushika kichwa? Sasa ndiyo najuta. Ningekiachia kianguke majini."

Sindano aliposema hivyo mkono wake ulikuwa umeshika mkasi, na Miwani aliuona mkasi. Akarudi nyuma hatua moja.

Hapo Wifi akatokea bafuni, taulo kichwani. Alilitazama begi, akamtazama Sindano, rangi ikamtoka. Lakini mdomo wa Wifi haujawahi kusubiri rangi irudi.

"Si nilisema? Asubuhi nilisema begi lipelekwe kwa fundi viatu wa gatini! Nililia na ninyi! Huyu hawezi kushona kitu bila kutafuta ugomvi ndani yake."

Alisema kweli. Kifuniko cha mvua kilipovuliwa gatini na begi likaonekana lote kwa mara ya kwanza, Wifi ndiye aliyepiga kelele kwamba Sindano asipewe kazi ile. Sote tulidhani ni roho mbaya yake ya kila siku.

"Wifi, njoo uone," alisema Sindano. "Hili ni begi la kaka yako."

Wifi hakusogea. "Mabegi yote yanafanana."

"Mikono haifanani. Hapa nimeshona mimi."

Macho yote yakamgeukia Miwani. Miwani akakaa juu ya ngazi kwa kishindo.

"Nililitoa rafuni," alisema. "Mmeridhika? Rafuni, kama kobe yeyote."

Kila nyumba ya wageni kwenye njia hii ina rafu yake karibu na mlango. Kilichokuchosha unakiacha pale: viatu, kamba, sabuni, kitabu. Ulichopungukiwa unakichukua. Sheria ni moja tu, usiulize kilikuwa cha nani.

"Zipu ya begi langu ilikufa," Miwani aliendelea. "Nikaliacha pale, nikachukua hili. Ilikuwa ile nyumba yenye mlango wa buluu. Siku chache tu kabla sijakutana na ninyi. Halikuwa na kitu ndani. Sikuuliza, kwa sababu hatuulizi."

Kabla Sindano hajafumbua mdomo, Wifi aliweka mikono kichwani.

"Kaka yangu amekufa!"

Ukelele huo uliwatoa kobe wengine bwenini. Wifi akausikia umati, akaongeza sauti.

"Mtu hai haachi begi lake rafuni! Wamelikuta gatini wakalitupa pale! Amezama! Kaka yangu amezama! Wifi, kubali sasa. Turudi nyumbani tukaomboleze kama watu."

Sindano hakulia. Msimlaumu. Alikuwa na jambo moja la kulitazama kwanza, na jambo lenyewe walilijua watu wawili tu duniani, yeye na mumewe.

Mumewe ana pumu. Dawa yake ya kupuliza mdomoni haitoki mbali naye hata chooni. Ndiyo maana Sindano alimtengenezea mfuko wa siri kwenye sponji ya mgongoni, mahali ambapo mkono unafika bila kuvua begi. Kama mfuko ule ni mtupu, mume aliitoa dawa mwenyewe, akaondoka kwa miguu yake. Kama dawa imo, basi begi lilimtoka bila yeye kupenda. Na mtu wa pumu asiye na dawa, katikati ya bahari, tusiseme.

Alipitisha vidole kwenye sponji. Mdomo wa mfuko haukuwepo.

Ulikuwa umeshonwa.

Akausogeza kwenye mwanga. Uzi mweusi wa dukani, hauna nta. Umevutwa kwa haraka. Na mishono yote ilikuwa imelalia upande usio wake, kama watu waliolewa kwenye benchi moja. Mshono hulala hivyo mkono wa kushoto ukishika sindano.

Sindano amewahi kumfundisha kushona mtu mmoja tu anayetumia mkono wa kushoto. Alimfundisha kwa kuombwa na mumewe, ili nyumba iwe na amani, mpaka siku walipogombana, stuli ikarushwa, na mafunzo yakaishia hapo. Mtu huyo sasa alikuwa amesimama mbele yake, taulo kichwani, anamlilia marehemu.

Sindano anajulikana kwa mdomo. Jina alilipewa na wateja kwa sababu ya kazi, jirani wakalishika kwa sababu ya maneno yake. Lakini siku ile aliumeza ulimi. Aliliinamia begi mpaka mfuko ukafichika.

"Usilie, wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Umeshinda. Tutarudi nyumbani."

Kilio kikakatika.

"Kweli?"

"Kweli. Ila mkono wangu unatetemeka. Malizia mkanda huu, tumrudishie mwenye begi lake, twende zetu."

Njia ya mwongo ni fupi, na siku nyingine haivuki hata kibaraza. Wifi alilitaka neno "nyumbani" kwa hamu kiasi kwamba hakukumbuka kujiuliza tangu lini Sindano akamwachia sindano. Alikaa. Akachukua uzi kwa mkono wa kushoto. Akashona upesi upesi, huku akimshauri Sindano jinsi ya kuwaambia majirani.

"Inatosha," alisema Sindano.

Aliuchukua mkanda, akaulaza kando ya mfuko.

"Miwani. Wewe una macho manne. Aliyeshona hapa, na aliyeshona hapa, ni mtu mmoja au wawili?"

Miwani bado alikuwa na kinyongo. Aliinama hata hivyo. Alitazama kwa muda, kisha akainua kichwa akamtazama Wifi badala ya begi.

"Mmoja."

Wifi akaruka juu. "Uongo! Mnanisingizia! Mmekula njama!"

"Begi hili nililishona mimi, na kaka yako akaondoka nalo siku ile ile," alisema Sindano. "Hukuwepo. Wewe umelishika lini?"

"Mimi sijui!"

"Mwezi uliopita uliaga unakwenda kumwuguza shangazi."

"Shangazi alikuwa mgonjwa!"

"Shangazi alipiga simu siku hiyo hiyo kuuliza mbona humtembelei. Nikasema masikini, uzee, amemsahau mgeni aliye chumbani kwake. Nikamwombea dua! Wifi, nilimwombea shangazi wa watu dua kwa ajili ya akili yake, kumbe mwenye akili ni yeye!"

Kobe mmoja alicheka mlangoni. Wifi alimgeukia, akamtukana kwa lugha mbili, akamrudia Sindano. Machozi yalikwisha. Uso wake ulikuwa ule ule wa nyumbani, wa kila jioni.

"Basi ndiyo," alisema. "Nilishona mimi. Na yuko hai."

Nitawaambia ukweli, maana Sindano mwenyewe hatakubali. Kitu cha kwanza alichohisi ni furaha. Ilimjia kwa nguvu hadi akashika ukuta. Ilikaa kidogo tu, kwa sababu Wifi alikuwa hajamaliza.

"Yuko hai na hakutaki. Nilimfuata, tukazungumza, tukapatana. Yeye azame, wewe uwe mjane, kila mtu apumzike. Nikatia pete yake kwenye ule mfuko nikashona, ili uikute, ulie, uamini. Nikalipeleka begi kwenye nyumba ya mlango wa buluu. Nikamwambia mwenye nyumba limeokotwa baharini, alitunze, wenyewe watakuja. Kazi yangu ilikuwa kukuzungusha visiwani mpaka ulikute mwenyewe."

Miwani alianza kucheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

"Na mwenye nyumba akalitunza," alisema. "Rafuni! Begi lisilo na mwenyewe litawekwa wapi kwingine? Sasa naelewa. Mlinisimulia wenyewe, Wifi alipindua nyumba ile juu chini na kugombana na mwenye nyumba eti kapotelewa na kandambili."

"Nyamaza wewe!"

"Ulikuwa unatafuta begi. Na begi lilikuwa mgongoni kwangu, limefunikwa, linapanda boti moja na wewe. Ulilikalia! Siku ya mawimbi ulilikalia! Na ulipoliona leo gatini ukaogopa, maana mimi ningesema limetoka rafuni, si baharini!"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini Sindano hakucheka. Alikuwa na swali moja.

"Kwa nini?"

"Amechoka," alisema Wifi. "Kila akirudi kazini anakuta kesi. Wewe umesema, mimi nimesema. Wewe umehamisha sufuria, mimi nimenuna. Mwanaume gani anakuwa hakimu kila siku?"

"Kesi zilikuwa zetu wawili, wifi. Mbona nimeachwa mmoja?"

"Kwa sababu dada haachwi."

Neno hilo lilimchoma, mtu asiseme halikumchoma. Kisha akainua mkasi, na Wifi akakunja mikono, ametulia kabisa sasa, kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Kata," alisema. "Kata uione pete. Aliivua mwenyewe, sikumvua mimi."

Sindano alikata. Pete ikaanguka, ikaviringika sakafuni, ikasimama mguuni kwa Miwani. Hakuna aliyeiokota.

"Umeridhika?"

Mkono wa Sindano ulikuwa umerudi mfukoni, unashuka chini zaidi, mahali ambapo yeye ndiye aliyepima kina chake kwa vidole vyake. Ukatoka na kitu kidogo cha plastiki.

Dawa ya pumu.

Aliitikisa sikioni. Ilijaa.

"Hii ni nini, wifi?"

"Mimi nitajuaje? Nilimwambia atoe vitu vyake vyote. Alitoa! Alitoa vyote nikiona!"

"Bila shaka alitoa jioni. Kabla ya kulala akavuta dawa yake mara moja, akairudisha mahali pake. Hata umwambie nini atairudisha, mkono umeshazoea. Ulishona wakati gani?"

"Alfajiri." Sauti ya Wifi ilikuwa imeanza kupungua. "Alikuwa amelala. Nilitaka kuwahi boti."

"Uliingiza mkono hadi chini?"

"Nilitumbukiza pete tu. Nilidhani ni mfuko wa kufichia pesa."

"Wifi," alisema Sindano. "Umeshona pumzi ya kaka yako humu ndani, ukaondoka nayo."

Nimeandika ugomvi wa wanawake hawa wiki nyingi, na sijawahi kumwona Wifi akikosa neno. Siku hiyo alikosa. Taulo lilimwangukia mabegani.

"Atakuwa na nyingine," alisema mwishowe. "Atanunua nyingine."

"Yuko kisiwa gani?"

Wifi alilivuta taulo, akalikunja mikononi.

"Wifi! Kisiwa gani?"

"Cha ng'ambo. Kile chenye mnara wa taa."

"Pale nimewahi kulala," alisema Miwani, na safari hii hakuwa anacheka. "Hakina duka la dawa. Hata dawa ya kichwa inatoka huku. Wagonjwa wote huletwa huku kwa boti ya mchana."

"Basi atakuja," alisema Sindano. "Akizidiwa atapanda boti aje hospitali."

Wifi alikuwa anatikisa kichwa. Alitikisa na kutikisa.

"Nilimwambia asitoke. Nilimwambia asionekane na mtu yeyote mpaka nikurudishe nyumbani, maana nilijua picha yake utaionyesha kila gati. Aliniapia. Sindano, aliniapia kwa kaburi la mama."

Hapo honi ikalia gatini. Boti ya mchana.

Sindano aliruka ngazi bila viatu. Wifi nyuma yake, na Miwani nyuma ya Wifi. Walipita kwenye kijia cha mchanga, wakapita duka la barafu, wakawagonga kobe wawili waliokuwa wanapiga picha ya mtumbwi.

"Nipe mimi!" Wifi alipiga kelele, akamshika Sindano gauni kwa nyuma. "Nipe nivuke nayo! Wewe hakutaki, atakataa hata kuipokea!"

"Niachie!"

"Ni kaka yangu!"

"Ulikuwa unamlilia sasa hivi! Mlilie tena!"

Wifi akaudaka mkono wenye dawa, akauuma. Naam, kwa meno. Dawa ilianza kuponyoka. Ndipo Miwani alipofika. Alimshika Wifi kiunoni, akamnyanyua juu, akamweka kando ya njia kama mtu anayehamisha kapu.

"Ukimgusa tena nakutupa majini," alisema, akihema. "Huyu na kaka yako wana undugu na wewe. Mimi sina."

Kisha akamgeukia Sindano, bado kakasirika. "Na wewe uliniita mwizi. Tutalizungumza. Kimbia kwanza."

Sindano alikimbia. Na katika kukimbia kule, nisiwafiche, moyo wake ulimgombeza. Unamkimbilia nani? Mwanaume aliyekubali kufa ili asikuone? Aliyevua pete akampa dada yake aishone? Mwache akae na dada yake asiyeachwa. Alilisikia hilo lote, akaliona lina haki, na miguu haikupunguza mwendo.

Gatini watu walikuwa wamejaa. Boti ilikuwa imekwisha kufungwa kamba, lakini abiria hawakushuka. Mabaharia walikuwa wanapiga kelele.

"Pisheni! Mgonjwa! Pisheni njia!"

Wanaume wanne walishuka wamebeba kiti cha plastiki. Juu ya kiti alikaa mtu aliyefunikwa shuka mabegani, mikono imeshika magoti, kichwa kimeinama. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka kwa kazi kubwa, na kila pumzi ilitoka na mluzi mwembamba uliosikika hata juu ya injini. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Sindano aliyajua mabega yale. Alikuwa ameyapimia mashati miaka yote.

Wifi alimpita, akapenya kwa viwiko. Nahodha mwenye kofia chakavu akawazuia kwa mkono.

"Ndugu tu! Wengine rudini nyuma, mnamziba hewa!"

"Mimi ni dada yake!" alilia Wifi, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli. "Dada yake wa tumbo moja!"

"Pita."

Wifi alipita, akaanguka magotini kwenye kile kiti, akabaki amemshika mgonjwa mguu, mikono mitupu, hana cha kumsaidia.

Mgonjwa aliinua macho. Yalimpita dada yake. Yakaenda juu ya kichwa chake hadi kwa mwanamke asiye na viatu aliyesimama nyuma ya mkono wa nahodha. Yakatulia pale, yakafumbuka yote. Alitaka kusema neno, lakini hakuwa na pumzi ya kulisemea.

"Na wewe, mama?" aliuliza nahodha. "Wewe ni nani wake?"

Sindano aliitikisa ile dawa mara moja, akaivua kifuniko kwa meno, akakitema chini.

"Mimi ni mjane wake," alisema. "Nipishe, bado anapumua."